Kwaya Isiyoimba

Aline, mjukuu wangu mwenye kichwa kigumu,

Umekwenda kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako, anayesuka mstari mmoja huku anasengenya mtaa mzima, mchana wote ni wangu. Nimeketi mlangoni na kalamu ya kanisa. Kesho asubuhi unapanda basi la Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, ukakae na kina mama wanaopigwa nyumbani kwao, uwafundishe sheria na uwasikilize mioyo yao. Jana ulinijia ukasema, Koko, nipe neno la kwenda nalo. Nikafungua mdomo, simu ikalia, ukatoka nje unacheka na mtu. Uliporudi ulikuwa umesahau hata kwamba uliuliza. Basi neno lako nimeliweka kwenye karatasi. Karatasi hailii wala haiombi chaji.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kukataa soda ya mtu usiyemjua sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima, mpaka kuku wa jirani wameanza kuyafuata. Na ukikuta herufi imelala upande, iache ilale. Mimi shule niliiacha Uvira, kule Kongo, darasa la nne, na hakuna aliyelia, si mimi wala mwalimu.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kwaya. Unaijua nusunusu. Mama yako ukimuuliza anacheka mpaka anashika mbavu, na baba yako ukimuuliza anakohoa. Wewe ulikuwa mdogo, ukadhani koko wako ni mwimbaji. Mungu akusamehe.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Luzira, vyumba viwili vinavyogawana ukuta mmoja. Huku mimi, kule baba yako na mama yako na wewe. Baba yako, Bahati wangu, ndiye mtoto niliyebaki naye. Tulitoka Uvira kwa mguu, mkono wake ndani ya wangu, na tulipofika Kampala nilikuwa nimepoteza kila kitu isipokuwa yeye na sufuria moja isiyo na mfuniko. Alikua, akapata meza ya kuuza viatu Nakivubo, na Jumapili akawa anapiga gita kanisani. Akipandisha lile gita, kina mama wa benchi la mbele walisahau Biblia zao sakafuni. Mimi nilikaa shingo ndefu kama twiga. Mwenye gita ni wangu, huyo nimemzaa mimi.

Kisha tunarudi nyumbani, na mikono ni ile ile.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya nyumba ile niliijua mimi na ukuta. Sitakuandikia nilichosikia. Kuna ulichosikia mwenyewe, na kuna ambacho ni cha mama yako, akipenda atakupa. Nitakuandikia nilivyojaribu kukitibu, maana dawa zangu za kwanza zilikuwa za kipumbavu, na wewe usipoangalia utakwenda kuzigawa huko Nakivale ukiwa na kitambulisho shingoni.

Dawa ya kwanza ilikuwa mwiko. Ule mwiko mkubwa wa kusongea fufu, unaujua, umepasuka kwenye shingo. Ulipasukia mgongoni kwa baba yako. Nilimwita uani, mchana kweupe, majirani wakitazama, nikamtandika. Akainama, akacheka kidogo, akasema samahani, Mama. Nikarudi ndani ninatembea kama mkubwa wa jeshi wa kule Mbuya aliyemaliza kukagua askari. Kesho yake mama yako akaja kuchota maji, kilemba kimeshushwa mpaka kwenye nyusi, na jicho moja halitaki kutazama watu. Ndipo nikaelewa kwamba mwiko wangu ulipita kwa Bahati ukaenda kutua kwa mama yako, Riziki. Aibu niliyompa uani aliilipia ndani.

Dawa ya pili ilikuwa mchungaji. Akanisikiliza amefumba macho. Nikadhani anaomba, sasa nadhani alikuwa na usingizi. Mwisho akasema Riziki afunge, asile siku tatu, na pepo la hasira litatoka. Nikamuuliza, Mchungaji, mwenye hasira ni Bahati, mbona atakayelala na njaa ni Riziki? Akasema mke ni nguzo ya nyumba. Nikamwambia nguzo ukiinyima saruji itawaangukia wote mlioegemea, nikachukua kitambaa changu nikaondoka. Usicheke. Baadaye huyu huyu mchungaji alitufaa sana, bila kujua.

Dawa ya tatu nilikutana nayo foleni ya zahanati, nilikokwenda na goti langu. Kulikuwa na wasichana wawili kwenye benchi, wanazungumza na kina mama. Mmoja alimwaga maneno kama mtu anayemimina maharage kwenye debe: haki hii, mahakama ile. Mwingine hakusema karibu lolote, lakini wanawake walikuwa wanamkalia karibu kama moto wa asubuhi. Majina yao niliyajua baadaye. Siku ile niliwabatiza kwa kazi zao, na mpaka leo ndivyo ninavyowaita: Sheria na Moyo. Walikuwa wanafundisha kina mama kila Alhamisi mchana, bila kulipisha, ila walikosa mahali pa kukaa bila watu kuchungulia.

Mahali ningepata. Shida ilikuwa kumtoa mama yako. Bahati alikuwa anampimia hata njia ya sokoni. Akichelewa kwa sababu ya mvua, anaulizwa mvua hiyo inaitwa nani. Mkutano wa wanawake asingemruhusu hata ungefanyika chini ya kitanda chake. Lakini kuna mlango mmoja mwanamume wa kwetu haufungi, nao ni kwaya. Mkongo anaweza kumkataza mke wake kwenda kwa mama yake mzazi, ila sijaona wa kumkataza kwenda mazoezi ya kwaya. Sasa chukua mwanamume huyo awe mpiga gita wa kanisa, na kwaya iwe imeanzishwa na mama yake mwenyewe. Atakataa na mdomo upi?

Nikarudi kwa mchungaji nikamwambia Roho amenituma nianzishe kwaya ya kina mama. Akafurahi, akatupa kile chumba cha nyuma ya kanisa, akauliza jina. Nikasema, Kwaya ya Subira.

Aline, waume walilipenda jina lile kuliko watoto wao. Mmoja alimleta mke wake mwenyewe, amemshika kiwiko, akaniambia nimfundishe subira barabara kwa sababu hana hata ya kuonja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amuache hapa, na kila Alhamisi asikose kumleta. Hakukosa. Yule mwanamke alijifunza sheria ya Uganda kwa kusindikizwa.

Nawe unajua kwetu kwaya ni sare kwanza, wimbo ni baadaye. Tukashona kitenge cha mananasi, mananasi makubwa ya njano juu ya buluu, ambayo kwa mwili wangu yalikuja kukaa mahali pabaya. Baba yako alipomwona mama yako ndani ya mananasi akatikisa kichwa, akasema sasa hii ndiyo kwaya. Hakuuliza tunaimba nini.

Tulikuwa hatuimbi. Miongoni mwetu sote aliyejua kuimba ni Mama Otieno, yule Mkenya wa samaki wa kukaanga kule Port Bell, mwenye sauti inayofika ziwani kabla yake. Tulimweka dirishani. Kazi yake ilikuwa kutazama njia, na akiona mtu anakuja, aimbe. Chochote. Sisi tulikuwa tumekaa kwa duara tunafundishwa, na yeye peke yake dirishani anapandisha haleluya kila mara anapopita muuza maji. Nje ikasikika kwaya inayojibidiisha kupita kiasi. Sheria zote alizozijua Mama Otieno alizisikia kwa sikio moja, na alizikamata kutushinda.

Huyo msichana Sheria alitufundisha mambo ambayo tulidhani ni ya wazungu na wenye magari. Kwamba kupigwa ndani ya nyumba yako si siri ya ndoa, ni kosa, kama vile ungepigwa barabarani. Kwamba kosa si kofi peke yake. Kunyimwa chakula, kufungiwa ndani, kutukanwa mpaka ukaamini matusi, hayo yote sheria inayajua kwa jina. Kwamba mwenyekiti wa LC, yule mkubwa wa kijiji, ukimpelekea shauri anatakiwa kulisikiliza na kuliandika, si kukurudisha jikoni. Kwamba hakimu anaweza kutoa amri mume akae mbali. Kwamba hata kama huna cheti cha ndoa, hata kama ni mkimbizi na karatasi zako zina madoa, sheria inakuhesabu. Hapo wengi walinyanyua vichwa. Tulikuwa tumezoea kudhani sheria ni ukumbi wa harusi, huingii bila kadi.

Mimi nikanyoosha mkono nikauliza, na mama akimpiga mwanawe na mwiko kwa sababu anampiga mkewe, huyo sheria inampa nini? Nilitegemea pongezi. Sheria akanitazama kwa adabu, akasema, Mama, huyo naye anaweza kushtakiwa. Wenzangu walicheka mpaka Mama Otieno akadhani kuna mtu njiani, akaanza kuimba.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kazi yako ilipo. Msichana Moyo alikuwa na ugonjwa wa kunyamaza. Anamuuliza mama mmoja, siku hizi usingizi unakujaje, kisha ananyamaza. Ukimya ule unakaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga. Mimi siwezi. Mwanamke akisita kidogo tu, mimi namjibia, namshauri, namtafutia na mstari wa Zaburi. Alhamisi ya tatu Moyo akaniomba kwa upole nikawapikie chai nje. Nikafurahi. Alhamisi ya nne akaniomba tena. Ya tano nikafahamu kwamba nimefukuzwa kwenye kwaya yangu mwenyewe, niko kwenye sigiri napuliza makaa na mananasi yangu mwilini.

Ila mlango ulikuwa na ufa, na mimi nina masikio. Siku hiyo mama yako alisema kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekuja wiki zote hizo bila kutoa hata kikohozi. Moyo akamuuliza habari za nyumbani, na mama yako akaanza kusema habari za ndala. Ndala yake moja imepotea. Ilikuwa ya kijani. Ilikuwa nzuri, haijakatika. Amebaki na ya kushoto. Mimi nje nimeshika birika, nasema moyoni, Bwana Yesu, ndala? Zipo pale Nakivubo zimerundikwa kama mchanga, na mume wake anauza viatu. Laiti ningekuwa ndani ningemnunulia hapo hapo, na tungefunga mjadala. Moyo akanyamaza. Mama yako akaendelea na ndala. Moyo akanyamaza zaidi. Na polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mama yako akasema ilimtoka alipokuwa anakimbia kutoka chumbani amekubeba wewe, na kwamba hakuirudia kwa sababu mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yenu, na mlikaa bafuni mpaka jogoo.

Chai ile iliungua, kama chai inaweza kuungua.

Kwa hiyo, Aline, mwanamke akikuletea ndala, pokea ndala. Usimwambie twende kwenye jambo lenyewe. Ndiyo njia aliyopita kuja kwako.

Nilipotoka pale nilikuwa nawaka. Nikamwambia mama yako njiani, leo leo tunakwenda kwa mwenyekiti. Akasema hapana. Akaenda nyumbani akamkaangia Bahati samaki, upande aupendao, na ndimu. Nilimnunia wiki nzima. Nikamwendea Moyo nikamwambia huyu mkaza mwanangu hana akili, amefundishwa yote na bado anageuza samaki. Moyo akaniambia, Mama, anayelala chumba kile ni yeye. Siku ya kutoka salama anaijua yeye kuliko wewe na mimi. Kazi yetu ni siku hiyo ikifika, asitukose. Sikuipenda ile habari. Mimi nataka jambo liishe kabla ya chakula. Lakini nimeishi kuona kwamba alisema kweli, na wewe huko utaona wanawake wakirudi kwa waume zao, leo na kesho, na utataka kurusha madaftari. Usirushe. Weka chai motoni, uache mlango wazi.

Basi kwaya ikaendelea, na uzuri wake ukaanza kutuponza. Miezi inapita, sare inang'aa, na Jumapili hatujawahi kusimama mbele. Mchungaji akauliza. Nikasema tuna mafua ya koo. Akauliza tena. Nikasema wimbo bado mbichi. Kisha baba yako, kwa moyo mweupe kabisa, akaniambia, Mama, hamna mpigaji ndiyo maana mnasuasua, Alhamisi nitafunga meza mapema nije niwasaidie na gita. Nilimeza fufu bila kutafuna. Na kama hiyo haikutosha, mchungaji akatangaza mbele ya watu wote kwamba harusi ya binti yake itaimbiwa na Kwaya ya Subira.

Tulikutana tukatazamana. Nyimbo za wenzetu hatukuijua hata moja kwa umoja. Kitu pekee ambacho sote tulikijua kwa moyo, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni sheria. Mama yako ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, akitazama chini. Akasema, "Basi tuimbe tunachokijua."

Mama Otieno akatoa tuni, ile anayoitia wateja wa samaki, tukapachika maneno. Baba yako alipokuja na gita tulimwimbia la la la toka juu mpaka chini. Nikamwambia maneno ni zawadi ya bibi harusi, hayasikiwi kabla ya siku yake. Akaridhika. Akaitengenezea tuni ile gita tamu ajabu, na mimi nikakaa pale ninatazama vidole vyake vizuri, nikaomba Mungu anipe nguvu, maana niliona ninachokwenda kumfanyia mwanangu, na nilikuwa nampenda. Bado nampenda. Usije ukafundisha watu kwamba hayo mawili hayakai chumba kimoja.

Asubuhi ya harusi Mama Otieno akaamka hana sauti. Miezi ya kuimbia wauza maji dirishani imemaliza koo lake, anatoa upepo tu kama tairi. Yeye ndiye alikuwa wa kutangulia beti, sisi kuitikia. Tumesimama mbele ya turubai, mananasi mstari mzima, maharusi wamekaa, baba yako ameshaanza gita, na hakuna wa kutangulia. Gita likazunguka mara ya kwanza. Likazunguka mara ya pili. Ndipo mama yako akatoka hatua mbele, akafungua mdomo:

Mwenyekiti, shika kalamu, andika,
usiniambie nirudi jikoni.
Kunipiga si mapenzi, kunitukana si mapenzi,
kunifungia mlango si mapenzi.
Hata cheti sina, sheria inanijua.

Watu wa harusi, Aline, wanacheza kabla ya kusikiliza. Waliinuka wote. Yule aliyemleta mke wake afundishwe subira alikuwa mbele kabisa, anazungusha kiuno, jasho linamtiririka, mpaka ubeti wa pili miguu yake ikaanza kupunguza mwendo peke yake, kama imesikia kabla ya masikio. Shangazi wa bwana harusi akapiga vigelegele penye mstari wa kupigwa. Mchungaji akatabasamu bila kujua afanye nini na meno.

Na baba yako alisikia tangu mstari wa kwanza. Nilimwona. Uso ukawa kama mlango uliofungwa. Lakini mpiga gita wa kwetu hawezi kukata wimbo katikati mbele ya maharusi. Wajukuu zake wangeimbiwa aibu hiyo. Akapiga. Macho kwa mama yako, vidole kwenye nyuzi, akaupiga wimbo ule mpaka mwisho, na sijamsikia akipiga vizuri vile kabla wala baada.

Mama yako hakumsubiri aweke gita chini. Ile ndiyo ilikuwa siku yake, nami nikaijua kwa mwendo wake. Alishuka pale akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa LC, mzee mmoja Mganda mwenye heshima zake, aliyekuwa ameshika sahani ya pilau na paja la kuku. Sisi nyuma yake, sare kamili. Mama yako akamwambia jina lake, jina la mume wake, na anachofanyiwa. Kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza sukari. Mzee akatazama kuku wake. Akasema kwa Kiganda chake, kale, nnyabo, yaani haya, mama, leo ni siku ya furaha, nendeni nyumbani mkaelewane, mambo ya chumbani yana chumba chake.

Hakuna aliyemgombeza. Mama Otieno, bila sauti, akaanza kupiga makofi ya ile tuni. Tukaitikia polepole: mwenyekiti, shika kalamu. Na watu wa harusi, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeshawaingia, wakaitikia nao kutoka kwenye meza zao, na maharusi pia. Mwenyekiti akasikiliza ubeti mzima. Kisha akaweka sahani chini, akapangusa vidole, akaomba kalamu.

Akaandika. Alipofika katikati akainua kichwa akauliza, shahidi yupo?

Hapo kimya kiliingia, kile cha Moyo, na safari hii hakuna aliyenituma kwenye sigiri. Bahati alikuwa ameshafika, gita bado shingoni. Akaniambia kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu, tuliyokuwa tunaongea njiani tukikimbia, akaniambia tuondoke. Mkono ameninyooshea, ule ule niliotoka nao Uvira.

Nikasema, "Andika jina langu. Mimi ni mama yake, na ukuta wetu ni mmoja."

"Mama," akasema. Basi. Akavua gita, akaliegemeza kwenye kiti, akatoka nje ya turubai.

Mengine unayajua. Hakimu alitoa amri Bahati akae kwingine, asivuke geti letu. Akahamia chumba huko Nakivubo, karibu na meza yake. Mimi nikabaki huku na mkaza mwanangu, na wanawake wa bombani wakanipa jina: mama aliyefukuza mwana akabaki na mke wa mtu. Niliwaambia huyo mwana wamchukue wao, mimi maji nimekuja kuchota. Lakini nikifika ndani nilikuwa nalala nimeugeukia ukuta, ukuta ambao sasa ulikuwa kimya, na ule ukimya niliokuwa nauomba ulinikalia kifuani. Usidhani nilicheza ngoma. Nilishinda kesi nikamkosa mwanangu siku ile ile.

Nikawa nampikia Bahati sombe, majani ya muhogo ya kwetu, kila Jumamosi, nampa bodaboda apeleke. Mara ya kwanza bakuli lilirudi kama lilivyokwenda, sombe imelala. Nikapeleka tena. Likarudi limeliwa, chafu. Nikapeleka tena. Siku moja likarudi limeoshwa. Aline, yule mtoto hakuwahi kuosha bakuli tangu nimzae. Nikaligeuza huku na huku, nikalinusa, sabuni. Nikamwita mama yako aje aone. Akaliangalia, akasema, "Vizuri. Aendelee kuosha," akarudi kwenye cherehani yake. Baadaye tukasikia kwamba Moyo ana darasa la wanaume huko mjini, na hakimu alimwagiza Bahati ahudhurie, anakwenda akinung'unika, ila anakwenda. Huko nako walimpokea na ukimya. Na kwa vile ni mtoto wangu, ninajua ulivyomuumiza.

Amri ile ilikwisha zamani. Unaona mwenyewe anavyofanya akija kukuona: anasimama kule getini na viatu vyake vya kung'aa, anabisha, anangoja. Mama yako akisema karibu, anaingia, anakaa kiti cha mlangoni, anakunywa chai, anaondoka mchana. Mama yako akiwa hana hamu naye, hajibu, na yeye anaacha mfuko wa machungwa kwenye nguzo anarudi zake. Zamani jambo hilo lilikuwa linanichoma. Nilimwuliza mama yako mara moja kama hatamrudisha. Akaniuliza kama chai ina tangawizi. Nikajifunza kunyamaza hapo hapo, uzeeni, nikiwa na meno machache.

Basi hilo ndilo neno lako. Huko Nakivale waite kina mama kwa majina yao, si kwa jina la shida zao. Fundisha sheria mpaka iimbike. Ukikuta koko mmoja mdomo mrefu anayewajibia wengine, mpe birika, lakini umwachie ufa mlangoni.

Na kesho asubuhi baba yako atakuja kukusindikiza kwenye basi. Amenitumia salamu kwamba anataka kukubebea sanduku. Atasimama getini. Mimi ninakufahamu, una haraka na una huruma, utataka kukimbia umfungulie. Kaa ulipo. Geti lile ni la mama yako, tuliliimbia. Mwache abishe, mwache angoje, nawe kunywa chai yako. Mama yako akisema karibu, baba yako aingie akubebee sanduku mpaka kwenye basi, na umshike mkono njiani, maana ana hofu na safari ingawa hatakuambia.

Asiposema, sanduku lina magurudumu.

Koko wako,
Mama Bahati